Mgeni akifika Minova, ale nini?

Mgeni akishuka Minova, kwa gari ao kwa mashua, mara nyingi anaingia malewa ya kwanza anayoona na kuagiza kuku na frite. Anakula, analipa, anaendelea na safari yake ya Goma ao Bukavu. Mtu huyo amepita Minova lakini hajaionja. Wasomaji wetu wengine, hata wa hapa Kivu, wanatuuliza: chakula cha Minova chenyewe ni kipi? Tuanze na kile kinachotoka mbele yetu, ku ziwa.

Sambaza njo ya kwanza. Kasamaki ka urefu wa kidole, keupe, kanang'aa. Mzee yeyote wa pwani atakuambia ni chakula chetu cha asili, na mimi pia nilikuwa nafikiri hivyo. Kumbe sambaza ni mgeni. Ililetwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, wakati wa Wabelgiji, kwa sababu maji ya katikati ya ziwa Kivu hayakuwa na samaki wa kula vile vijidudu vidogo vinavyoelea. Walileta aina mbili za ndagala, zile ambazo watu wa Uvira na Kalemie wanazijua vizuri. Moja ilipotea. Ya pili ilishika, ikazaana, ikajaza ziwa, na leo njo inalisha familia nyingi za pwani yote, kuanzia Goma mpaka Bukavu, na ng'ambo Rwanda vilevile.

Inavuliwa usiku. Wavuvi wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanawasha taa, sambaza inafuata mwanga, halafu wanainua wavu kutoka chini. Kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa, taa haina nguvu na mavuno yanapunguka. Ukifika Minova siku za mwezi mpevu na mama akakutajia bei ya juu, usimgombeze. Si yeye, ni mwezi. Ukilala karibu na maji utasikia wavuvi wanaimba wakipiga makasia.

Namna ya kuila: ya leo asubuhi, ikaangwe katika mafuta ya moto sana mpaka ikauke, iwekwe chumvi, limau na pilipili, na ndizi ya kukaanga pembeni. Unaila nzima, kichwa na mfupa. Mgeni anayekata vichwa anachekwa kidogo, lakini anasamehewa. Nyumbani wanaipika pia na nyanya na vitunguu, ama wanaianika juani ili ikae siku nyingi. Angalia kitu kimoja tu: kama sambaza ni ndogo sana, kama sindano, usinunue. Hiyo imevuliwa na nyavu za chandarua, ambazo zinakomba mpaka watoto wa samaki. Ziwa letu ni refu kwenda chini, karibu mita 485, lakini samaki anaishi juu tu. Chini ya mita 60 hivi hakuna hewa ya kupumua, ni gesi. Mahali pa kuvulia ni padogo kuliko macho yanavyoona.

Sambaza haitembei peke yake. Inatembea na bugali ya muhogo. Muhogo nao ulitoka mbali, bara la Amerika, pamoja na mahindi na maharagi. Mtu wa Colombia akikaa mezani kwetu atatambua karibu nusu ya sahani, hata kama hatatambua namna ya kupika. Sisi tunalowesha muhogo siku tatu ao zaidi, tunaanika, tunasaga, halafu unga unasongwa na maji ya moto. Wengine wanachanganya na unga wa mahindi. Siku zile za kulowesha si desturi tu: muhogo mchungu uko na sumu, na maji njo yanaitoa. Anayeharakisha kwa sababu ya njaa ao ya soko anahatarisha miguu ya watoto wake, maana kuna ugonjwa wa kupooza unaoitwa konzo unaotokana na hiyo.

Majani ya muhogo uleule njo sombe, ile ambayo wandugu wa Kinshasa wanaita pondu. Yanatwangwa, yanachemshwa kwanza peke yake kwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi, ndipo yanatiwa mafuta ya mawese, vitunguu, bilinganya, na kwa mwenye uwezo, karanga ya kusaga ao sambaza kavu. Sombe ya saa moja si sombe. Kwa maoni yangu sombe ya jana iliyopashwa moto leo inashinda ya leo, lakini mke wangu hakubali.

Maharagi na ndizi, lengalenga, viazi vitamu: hivyo utavipata kila nyumba, na vizuri. Fromaji ya Masisi pia inauzishwa njiani, lakini hiyo ni ya watu wa milimani, tusiwaibie sifa.

Kuna jambo mgeni hawezi kuona ndani ya sahani. Mashamba ya huku yanalisha Goma. Mwanzo wa 2024, vita ilipokata barabara ya Sake, muhogo, ndizi na maharagi vilipita ziwani, na watu juu ya mizigo. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, karibu kufika kabisa. Watu wengi walikufa, na kati yao wachuuzi waliokuwa wanafuata soko. Wamama wa hapa wanaokupikia leo, wako wenye kupoteza mtu siku ile. Lipa bei wanayokuambia.

Ya kunywa: kuna kasiksi, pombe ya ndizi, tamu mdomoni na nzito miguuni, basi kama unaendesha gari uiache. Na kuna kahawa. Milima ya nyuma ya Minova inatoa arabika inayofika Ulaya na Marekani. Ushirika wa SOPACDI, ulioanza hapa 2003, njo ulifungua njia hiyo. Mbele ya hapo, wakulima wengi walikuwa wanavusha magunia usiku kwenda Rwanda kwa mitumbwi, na wengine hawakurudi. Ajabu ni kwamba malewa mengi bado yanakupa kahawa ya kopo kutoka inje. Uliza ya mlimani. Mama akikosa, atamtuma mtoto kwa jirani, na utangoje kidogo.