Kengele Inayochungulia kwa Jirani

Gonga geti lolote la mtaa wa Buruburu, Nairobi, kwa kufuli, na sauti kutoka ndani itauliza: "Nani?" Jibu la Wakenya wengi, awe mjomba au mtu wa kusoma mita ya maji, ni lile lile: "Ni mimi." Aliye ndani hubaki akikisia sauti, akifunua pazia au akimtuma mtoto akachungulie. Kengele ya kamera imeletwa kumaliza fumbo hilo. Ina kitufe chini na lenzi juu, maikrofoni na spika ndani yake. Mgeni akibonyeza, simu yako inalia, unamwona na kuongea naye hata kama uko kazini Industrial Area. Barabara ya Luthuli zinauzwa za kila aina, na wengine wanaletewa na jamaa walio ng'ambo.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko simu za mkononi. Marie Van Brittan Brown alikuwa muuguzi aliyeishi mtaa wa Queens, New York. Alikuwa akibaki nyumbani peke yake saa zisizotabirika, na polisi hawakuwa wepesi kufika wakiitwa. Mwaka 1966, yeye na mumewe Albert, fundi wa elektroniki, waliomba hataza ya mtambo wao: kamera iliyopanda na kushuka nyuma ya matundu ya mlango, skrini ya kumwonyesha aliye nje, spika ya kuzungumza naye, na swichi ya kufungua mlango kutoka mbali. Hataza ilitolewa Desemba 1969. Kilichobadilika tangu hapo ni kwamba kamera imetoka nje ya mlango, ikaunganishwa na intaneti, na sasa inaona mengi zaidi ya uso wa mgeni. Shida ya Buruburu inaanzia hapo.

Mtaa huu ulijengwa kwa awamu tano tangu miaka ya mwanzo ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa fedha za Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, ili watu wa kipato cha kati wanunue nyumba zao wenyewe. Nyumba hazikupangwa zote kwa mistari inayotazama barabara. Zilikusanywa katika korti, mezoneti zikitazamana kuzunguka kiwanja kidogo chenye njia moja ya kuingilia. Mpango huo ulikuwa ulinzi tosha. Mgeni akiingia kortini, macho ya madirisha kadhaa yalikuwa tayari yamemwona kabla hajafika kwa mwenyeji wake. Baadaye zikaja kuta, mageti ya bati zito, vyumba vya nyongeza vya kupangisha, na geti la korti lenye askari. Lakini nyumba bado zinatazamana.

Kengele nyingi za aina hii zimebuniwa kwa nyumba ya Marekani yenye bustani mbele, ambako mgeni anatembea hadi mlangoni na lenzi inatazama majani na barabara. Ibandike kwenye korti ya Buruburu bila kufikiri, na kila siku itarekodi sebule ya jirani wa mkabala, watoto wake wakitoka shule, na saa anayorudi mumewe. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue aina gani, mimi humuuliza kwanza itatazama wapi. Aina ya kifaa ni swali dogo.

Tuanze na mahali pa kuiweka. Kengele ya mlango wa sebule haina faida kubwa ikiwa geti lako hufungwa kutwa, kwa sababu mgeni hafiki mlangoni. Inafaa pale ambapo geti moja linatumiwa na wapangaji kadhaa wa vyumba vya nyongeza, na kila mmoja anataka kujua wake ni yupi. Kwa nyumba nyingine zote, iweke ukutani pembeni mwa geti. Usiifunge kwenye geti lenyewe: bati linatikisika kila likifungwa, na chuma kinazuia mawimbi ya waifai. Urefu wa sentimita 120 hivi kutoka chini unatosha kuonyesha uso wa mtu mzima na pia mzigo ulioachwa chini. Mafundi wengine huipandisha juu ya kichwa ili isiibwe. Matokeo yake ni video nyingi za kofia na helmeti za bodaboda.

Kisha angalia jua. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza na kuzama karibu na mashariki na magharibi kamili. Lenzi inayotazama mashariki itapofuka asubuhi, na inayotazama magharibi itapofuka jioni watu wakirudi nyumbani. Mgeni ataonekana kama kivuli tu. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini ni bora. Kama huna, tafuta sehemu yenye kivuli cha paa la geti.

Usiku kamera hutumia miale ya infraredi ambayo jicho halioni. Miale hiyo ikigonga kitu kilicho karibu, hurudi na kuijaza picha weupe. Ndiyo sababu kengele iliyofichwa nyuma ya grili haioni kitu baada ya saa moja jioni. Ukimwita fundi wa kuchomelea akutengenezee kisanduku cha chuma dhidi ya wezi, mwambie aache sehemu ya mbele wazi kabisa, na upande mmoja usiwe na chuma ili mawimbi yapite.

Kuhusu kihisi cha mwendo, wengi wanadhani kinatambua sura. Katika kengele nyingi za betri, kihisi husoma joto linalosogea. Mtu anayekatiza mbele yake hunaswa haraka, lakini anayekuja moja kwa moja huchelewa kunaswa. Paka naye ana joto, na gari lililotoka safari pia. Ndani ya boksi mara nyingi mna kabari ya plastiki ambayo watu huitupa pamoja na karatasi za maelezo. Itafute. Ukiiweka nyuma ya kengele, lenzi itageuka upande wa kiambaza chako na kuacha nyumba ya mkabala. Picha ya uso wa mgeni haitapungua chochote, na arifa za bure zitapungua sana.

Umeme unataka tahadhari zaidi. Kengele za betri ndizo rahisi kwa korti zetu, ila usiamini sana miezi iliyoandikwa kwenye boksi. Miezi hiyo hupigiwa hesabu ya nyumba yenye wageni wachache. Korti ambayo watoto wanacheza mpira hadi magharibi huamsha kamera kila dakika na kuimaliza betri mapema. Kengele za waya, hasa zinazotoka Marekani, kwa kawaida huhitaji volti 16 hadi 24 kutoka kwa transfoma. Hapa kuna mitego miwili. Transfoma iliyonunuliwa Marekani imetengenezwa kwa volti 120, na stima ya Kenya ni volti 240: itaungua, pengine na kengele pamoja nayo. Pia, baadhi ya kengele za zamani humu mitaani zimeungwa moja kwa moja kwenye stima ya nyumba, kwa hiyo nyuma ya kile kitufe kidogo mna volti 240 zinazoweza kuua. Zima swichi kuu, na mwachie kazi fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Tundu la waya litobolewe likiinama kuelekea nje, kisha lizibwe kwa silikoni; mvua za Machi hadi Mei hupenya kwenye tundu lililonyooka.

Stima ikipotea, kengele ya betri hubaki macho lakini ruta imelala, na bila ruta simu yako hailii. Mkongo wa kioo unaofika nyumbani kwa kawaida hauhitaji stima ya mtaa kati yako na kituo cha kampuni, kwa hiyo ukiipa ruta na kile kisanduku cha mkongo betri ndogo ya akiba, mara nyingi intaneti itaendelea. Hakikisha volti na ampea zinalingana na zilizoandikwa kwenye adapta.

Waifai yenyewe ipimwe kabla ya kutoboa ukuta. Simama pale getini na simu yako, funga geti na mlango, kisha piga simu ya video. Picha ikikwama, kengele nayo itakwama. Chagua mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo hupenya kuta za mawe vizuri kuliko yale ya gigahezi 5. Kwa anayetumia bando za simu, hesabu ni hii: video ya megabiti 2 kwa sekunde, yenye urefu wa sekunde 30, hula megabaiti 7.5. Kamera ikiamka mara 40 kwa siku, ni megabaiti 300, yaani gigabaiti 9 kwa mwezi, kabla hujatazama hata moja. Ile kabari tuliyoitaja itakuwa imekuokoa pesa.

Nunua pia kengele ya ndani, ile ya kuchomeka ukutani isikike jikoni. Wengi walionunua nyumba hizi katika miaka ya 1970 leo ni wazee. Shosho aliyebaki nyumbani hana programu ya kengele kwenye simu yake, na hana haja nayo. Sauti ikilia kwa mwanawe huko Syokimau pekee, mgeni atasimama juani wakati mwenyeji yuko ndani anakunywa chai.

Sasa jirani. Kwenye programu utakuta mipangilio miwili ambayo huchanganywa sana. Eneo la mwendo huamua tu kamera iamke lini; ikishaamka, inarekodi kila kitu kilicho mbele ya lenzi, dirisha la jirani likiwemo. Eneo la faragha hufunika sehemu ya picha kwa weusi, na kilichofunikwa hakirekodiwi kamwe. Unachohitaji ni hilo la pili. Chora weusi juu ya kila dirisha na geti lisilo lako. Kama kengele unayotaka kununua haina mpangilio huo, iache dukani.

Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 51, inamsamehe anayeshughulikia data kwa mambo ya binafsi au ya nyumbani tu. Watu husoma hapo na kupumua. Hilo neno "tu" lina uzito. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya mwenye nyumba wa Jamhuri ya Czech aliyeweka kamera baada ya madirisha yake kuvunjwa kwa manati. Kamera ilionyesha njia ya umma na mlango wa nyumba iliyo mkabala. Mahakama ilisema kamera inayotazama mahali pa umma haiwezi kuitwa shughuli ya nyumbani tu. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini maneno ya msamaha wetu yanafanana mno na ya sheria ya Ulaya iliyokuwa ikifafanuliwa, na mazingira ya kesi ile ni korti ya Buruburu kabisa. Mwaka 2021, huko Oxford, Uingereza, jaji alimpa ushindi jirani aliyelalamikia kamera na kengele za mwenzake, na akaona sauti iliyokuwa ikinaswa kutoka mbali ni tatizo kubwa kuliko picha. Kwa hiyo zima kurekodi sauti. Kwa baadhi ya vifaa, mazungumzo ya mgeni anapobonyeza yataendelea kufanya kazi. Halafu vuka kiwanja ukamwambie jirani: "Mama Otieno, nimeweka kengele, njoo uone inaonyesha nini." Mwonyeshe kwenye simu. Na dada wa kazi aambiwe pia, maana yeye ndiye anayepita hapo mara nyingi kuliko mtu yeyote.

Kamera zilizowekwa na chama cha wakazi kwenye geti la korti ni jambo jingine. Huo si mji wa mtu mmoja, na chama kisijifiche nyuma ya msamaha wa nyumbani. Kiulize Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kuhusu kujiandikisha, kibandike tangazo, na kiamue ni nani pekee anayefungua rekodi.

Kinachonitia hofu zaidi ni kundi la WhatsApp la korti. Video ya kijana aliyesimama getini dakika mbili inatumwa na maneno "mwizi huyu", na kufikia jioni imefika awamu zote. Katika jiji ambalo umati hauchelewi kuokota mawe, video hiyo inaweza kumuua mtu aliyekosea nambari ya nyumba. Kusambaza picha za watu kuna gharama pia kisheria: Septemba 2023 Kamishna alitoza klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Ukiwa na tukio la kweli, nenda Kituo cha Polisi cha Buruburu, chukua nambari ya kitabu cha matukio (OB), na uhifadhi faili asili bila kuikata. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza rekodi ilivyotolewa na kifaa kilichotumika, kwa hiyo saa na tarehe za kengele ziwe sahihi tangu siku ya kwanza. Afadhali rekodi zikae kwenye kifaa kilicho ndani ya nyumba au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kadi iliyo ndani ya kengele huondoka na mwizi pamoja na kengele.

Nenosiri lisiwe lile la barua pepe yako, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Mwaka 2023 kampuni ya Ring, inayomilikiwa na Amazon, ilikubali kulipa dola milioni 5.8 baada ya Tume ya Biashara ya Marekani kuishtaki kwamba wafanyakazi wake waliweza kutazama video za wateja, na kwamba ilizembea kuwazuia wadukuzi. Mpangaji aombe ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa, na siku ya kuhama aifute kengele kwenye akaunti yake hata kama anaiacha ukutani. Asipofanya hivyo, wageni wa mpangaji mpya watabonyeza, na simu itakayolia itakuwa yake.