Kikuba Kikavu: Manukato ya Pwani kwa Nyumba ya Minnesota



Baridi ikianza hapa Golden Valley tunafunga madirisha kwa miezi, na nyumba inabaki na harufu ya vitunguu vya jana. Wengi wetu tungefukiza udi, lakini moshi unaamsha kengele ya moto, na kwa mtoto mwenye pumu moshi si mzuri. Leo tujifunze manukato yasiyohitaji moto.

Huko Lamu, Mombasa na Zanzibar, wanawake hufunga pamoja asumini, rehani na mkadi wakapata kikuba, wakajipamba nacho. Kikuba kibichi hunyauka upesi. Chetu kitakuwa kikavu, kikae miezi.

Mahitaji:
- petali za waridi zilizokauka, vikombe 4
- maganda ya machungwa 2
- karafuu nzima, kijiko kikubwa 1
- vijiti 3 vya mdalasini
- iliki 10

Namna ya kutengeneza:
1. Tandaza petali na maganda juu ya ungo au karatasi, mbali na jua, maana jua hufifisha rangi. Geuza kila siku. Hita inakausha sana hewa ya ndani, kwa hiyo wiki moja au mbili zinatosha.
2. Bonyeza petali. Ikivunjika kama chipsi, iko tayari. Ikiwa bado laini, ngoja, la sivyo itaota ukungu.
3. Ponda viungo kidogo kwenye kinu, vipasuke tu, visiwe unga. Harufu imo kwenye mafuta yaliyo ndani yake.
4. Changanya vyote, tia kwenye chupa ya kioo, funika, weka gizani wiki 2 hadi 4. Tikisa kila siku, kisha mimina kwenye bakuli.

Harufu ikipungua, ponda karafuu chache mpya uongeze.

Watoto, mnajua karafuu ni nini? Ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua! Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu mpaka leo.

Sasa neno la muuguzi. Hiki si chakula: waridi la dukani huenda limepuliziwa dawa, na karafuu nzima inaweza kumkaba mtoto mdogo. Wekeni bakuli juu. Mwenye pumu akianza kukohoa, liondoeni, hata kama linapendeza.

Tena, msichume maua porini ovyo. Ua la jimbo letu, lile la pinki na jeupe lenye umbo la kiatu, linalindwa na sheria tangu 1925.

Kazi ya nyumbani: mpigieni bibi simu. Muulizeni alijipamba kwa maua gani siku ya harusi yake. Kama kwenu si pwani, muulizeni ni majani gani yalinukia nyumbani kwao. Andikeni sentensi tano kwa Kiswahili, mje nazo darasani. Majina haya ya maua wanayo wao, na tusipowauliza sasa, tutakuja kumuuliza nani?