Haiku ndani ya taarifa ya habari

Haiku, shairi fupi la Kijapani, lina mizani 17 tu: 5, 7, kisha 5. Kwa desturi hutaja msimu, nasi Wapwani misimu tunayo: kaskazi, kusi, masika, vuli.

Chukua mafuriko ya Novemba 2023 kule Tana River. Taarifa zilihesabu familia zilizohama. Haiku haina nafasi ya hesabu, wala ya kuilaumu serikali (hayo yaachie tarbia, yenye mizani 16 kila mshororo). Tafuta kitu kimoja ambacho jicho lingekiona pale, kitaje, usikieleze:

Maji ya vuli –
ndara moja yapita
bila mwenyewe.

Ukitia neno "huzuni" hapo umeiharibu. Mwenye ndara yuko wapi, msomaji atauliza mwenyewe.