Uuguzi wa Mgonjwa wa Selimundu na Sababu Zake Ndani ya Chembe ya Damu

Miongoni mwa maradhi ya kurithi yanayowapata watu wa Afrika ya Mashariki, selimundu ni mojawapo ya yale yanayoua watoto wengi zaidi. Katika Tanzania pekee inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, na wengi wao, wasipotunzwa, hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Vitabu vya biolojia vya shule za sekondari hueleza vizuri jinsi ugonjwa huu unavyorithiwa, lakini aghalabu huishia hapo, kana kwamba mtoto akishazaliwa nao hapana la kufanya. Hali sivyo ilivyo. Mtoto huyo aweza kukua, kusoma na kuwa na familia yake mwenyewe, na sehemu kubwa ya yale yanayomwezesha ni mambo ya uuguzi: maji ya kunywa, blanketi, kipimajoto, kidonge cha penisilini asubuhi na jioni, na mkono uliofundishwa kupapasa tumbo. Haya huonekana kuwa mambo madogo, na kwa sababu hiyo hupuuzwa. Hata hivyo kila moja lina sababu yake katika kemia ya damu, na anayeijua sababu hiyo hatalisahau tendo lenyewe.

Asidi amino moja

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, alichapisha taarifa ya kijana mmoja, mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka kisiwa cha Grenada, ambaye damu yake ilipotazamwa kwa hadubini ilionyesha chembe nyembamba zilizopinda kama mundu wa kukatia majani. Ilichukua karibu miaka arobaini kuanza kufahamu kiini cha jambo hilo. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa wa selimundu husafiri kwa namna tofauti na ya watu wengine inapowekwa kati ya ncha mbili za umeme. Kisha katika miaka ya 1956 na 1957 Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, Uingereza, akaibainisha tofauti yenyewe. Mnyororo wa beta wa himoglobini una asidi amino 146. Katika mgonjwa wa selimundu, ile ya sita peke yake imebadilika: mahali pa asidi ya glutamiki, yenye chaji hasi, pamekaliwa na valini, ambayo haina chaji na huyakimbia maji.

Himoglobini inapokuwa imebeba oksijeni, badiliko hilo halina madhara. Ikishaitoa oksijeni yake kwenye tishu, umbo lake hubadilika kidogo, na valini ile hupata kishimo katika molekuli jirani na kujikita humo. Molekuli ya pili hushika ya tatu, ya tatu hushika ya nne, hata nyuzi ndefu ngumu zikajengeka na kuisukuma chembe kutoka ndani. Chembe iliyokuwa laini, yenye uwezo wa kujikunja na kupenya katika kapilari nyembamba, inakuwa ngumu na kukwama. Nyuma yake hukwama nyingine. Tishu iliyo mbele hukosa oksijeni, na hapo ndipo maumivu makali ya mifupa yanapoanza.

Jambo lisiloelezwa sana madarasani ni kwamba nyuzi hizo hazijengeki papo hapo. Kuna kipindi kifupi cha kusubiri kati ya kuondoka kwa oksijeni na kuanza kwa nyuzi. Chembe hupita katika kapilari kwa muda wa sekunde moja hivi, kisha hurudi kwenye mapafu na kupata oksijeni upya. Chembe nyingi huwahi. Ugonjwa huzidi pale ambapo haziwahi, na hilo hutokea kwa njia mbili: ama kipindi cha kusubiri kinafupishwa, ama safari inacheleweshwa. Ukolezi wa himoglobini ndani ya chembe ukiongezeka kidogo tu, kipindi cha kusubiri hupungua maradufu na zaidi. Joto la mwili likipanda, au asidi ya damu ikiongezeka, hupungua vilevile. Kwa upande wa pili, baridi huibana mishipa midogo na uvimbe hupunguza mwendo wa damu, hivyo chembe hukaa njiani kuliko inavyopasa. Muuguzi wa selimundu, kwa maneno mengine, anapigania sekunde.

Maji na joto

Mtu akipungukiwa na maji mwilini, chembe zake nazo hunywea, na himoglobini iliyomo hukolea. Hii ndiyo sababu ya agizo la kumnywesha mgonjwa maji mengi kila siku, na kuyaongeza wakati wa jua kali, wa homa, wa kuhara na wa michezo. Jambo hili lina tatizo lake. Sehemu ya ndani ya figo ina oksijeni kidogo na chumvi nyingi, mazingira yanayofaa kabisa kwa chembe kupinda, na kwa hiyo figo za mgonjwa hupoteza mapema uwezo wa kukoleza mkojo. Anakunywa sana, anakojoa sana, na usiku huenda akalowesha kitanda hata akiwa na umri mkubwa. Mwalimu anayemkatalia mwanafunzi wa namna hii ruhusa ya kwenda kunywa maji au kwenda msalani anamzuilia dawa yake. Katika mabweni, kumwadhibu kwa sababu ya kukojoa kitandani, au kumnyima maji jioni ili asikojoe, ni kumwita mgonjwa kwenye maumivu.

Kuhusu baridi, shule za bweni za nyanda za juu, kama zile za Njombe na Mufindi, zina desturi ya kuoga maji baridi alfajiri. Kwa wanafunzi wengine hilo huenda likawa zoezi zuri la ukakamavu. Mwenye selimundu apashiwe maji moto, avae sweta, asiachwe na nguo mbichi baada ya mvua. Vivyo hivyo, kiungo kinachouma kisiwekewe barafu kama anavyofanyiwa mchezaji aliyeteguka. Kitambaa cha uvuguvugu ndicho kinachofaa.

Bandama na kinga ya mwili

Bandama, iliyo chini ya mbavu upande wa kushoto, huchuja damu na kukamata bakteria. Damu hupita humo polepole, kwa hiyo chembe zilizopinda huziba mishipa yake tangu utotoni, na kwa kawaida mtoto anapofikia miaka mitano bandama yake haifanyi kazi tena. Ugonjwa wa jeni unakuwa pia ugonjwa wa kinga. Bakteria wa pneumokoki, ambao kwa mtoto mwingine huleta kichomi kinachotibika, kwa huyu wanaweza kuijaza damu na kuua kwa saa chache.

Mwaka 1986 yalichapishwa huko Marekani matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watoto 215 wenye umri wa miezi 3 hadi 36. Nusu yao walipewa penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku, na wengine kidonge kisicho na dawa. Maambukizi makali yalipungua kwa asilimia 84 katika kundi la penisilini, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake, maana haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Tangu hapo penisilini ya kila siku hadi angalau miaka mitano imekuwa msingi wa utunzaji, pamoja na chanjo ya pneumokoki, ambayo Tanzania iliiingiza katika chanjo za kawaida za watoto mwaka 2013. Kazi ya muuguzi hapa ni kumfahamisha mzazi kwa nini mtoto asiye na ugonjwa wowote unaoonekana anapewa dawa kila siku kwa miaka. Wazazi wengi huacha pale tu mtoto anapoonekana mzima, na hawalaumiki ikiwa hakuna aliyewaeleza.

Kutokana na hayo, homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto mwenye selimundu ni jambo la dharura. Homa ya Ijumaa jioni haingoji Jumatatu asubuhi.

Kabla ya kufa, bandama yaweza kufanya jambo lingine la hatari: kuvimba ghafula na kuifungia damu ndani yake. Mtoto hupauka, hulegea, na kwa muda wa saa chache huishiwa damu bila tone moja kumwagika nje. Katika kisiwa cha Jamaica wauguzi waliwafundisha akina mama kupapasa tumbo la mtoto kila siku kwa ncha za vidole, wakiitafuta bandama chini ya mbavu za kushoto, na kukimbilia kliniki wakiiona imekua. Taarifa iliyochapishwa mwaka 1985 ilionyesha kwamba idadi ya matukio yaliyogunduliwa iliongezeka, kwa kuwa sasa yalionwa mapema, ilhali vifo vilishuka kutoka takriban 29 hadi 3 katika kila matukio 100. Hapakuwa na dawa mpya wala chombo kipya. Vidole vya mama ndivyo vilivyoleta tofauti hiyo.

Maumivu yasiyoonekana

Mgonjwa wa selimundu anapopatwa na maumivu ya mifupa, mara nyingi hapana kidonda, hapana uvimbe, na picha ya eksirei yaweza kuwa safi. Kwa hiyo hushukiwa kwamba anajisingizia, nyumbani, shuleni, na kwa bahati mbaya hata wodini. Hakuna kipimo cha maabara kinachopima maumivu, na kipimo pekee ni neno la mgonjwa mwenyewe. Muuguzi aliyefunzwa humtaka ataje kiwango cha maumivu yake kwa namba kuanzia 0 hadi 10, au humwonyesha mtoto mdogo michoro ya nyuso. Humpa dawa bila kuchelewa. Kisha hurudi baada ya nusu saa kuuliza tena. Maumivu madogo hutulizwa kwa parasetamoli. Yaliyo makali huhitaji mofini, na hofu ya uraibu isiwe sababu ya kumwacha mtu akilia usiku kucha. Kinachotakiwa ni kuhesabu pumzi zake na kutazama kama anasinzia kupita kiasi.

Ini na madini ya chuma

Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Chembe ya mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20. Uboho hulazimika kutengeneza damu mbio mbio, ndiyo maana mgonjwa hupewa asidi ya foliki. Na ini nalo hubebeshwa mzigo wa kusafisha mabaki ya himoglobini iliyovunjika. Rangi ya manjano inayoonekana machoni hutokana na mabaki hayo. Haiambukizi, wala haina uhusiano na homa ya ini ya virusi, ingawa mwanafunzi mwenye macho ya manjano hutengwa mara kwa mara kwa kudhaniwa hivyo.

Hapa kuna kosa moja linalotendwa kwa nia njema. Kwa kuwa mtoto ana upungufu wa damu, jamaa humnunulia dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma. Lakini chuma cha chembe zilizovunjika hakipotei. Hubaki mwilini na kutumiwa tena. Mgonjwa aliyeongezewa damu mara nyingi hulimbikiza chuma hicho katika ini hadi likaharibika. Chuma kisitolewe bila kipimo. Damu yenyewe hutolewa kwa sababu maalumu, na muuguzi hubaki kando ya kitanda dakika 15 za mwanzo akipima joto, mapigo ya moyo na pumzi, kwani madhara mabaya zaidi ya damu isiyopatana hujitokeza wakati huo.

Dawa iliyotoka kwenye saratani

Mtoto mchanga mwenye selimundu haugui katika miezi ya mwanzo, kwa sababu bado ana himoglobini ya tumboni, ambayo haijiungi na nyuzi. Haidroksiurea, dawa iliyokuwa ikitumiwa kwa saratani za damu, huufanya mwili uendelee kuitengeneza himoglobini hiyo. Uchunguzi uliofanywa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Kenya na Uganda kwa watoto 606, ukatangazwa mwishoni mwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba watoto waliotumia dawa hiyo walipata maumivu machache, malaria kidogo, na vifo vilivyopungua sana. Hofu kwamba dawa inayopunguza chembe za damu ingewazidishia watoto wa Afrika malaria haikuthibitika. Kwa kuwa hupunguza pia chembe nyeupe, kipimo cha damu hapana budi kirudiwe mara kwa mara, na tarehe za kurudi kliniki hushikwa na muuguzi.

Tiba ya kuuondoa ugonjwa ipo. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023, na mwaka huo huo Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha jeni, ambayo bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa watoto walio wengi njia iliyo karibu ni fupi zaidi: tone la damu la kisigino, likachukuliwa juu ya karatasi ya maabara siku chache baada ya kuzaliwa. Mtoto aliyepimwa hivyo huanza penisilini akiwa na miezi miwili au mitatu, na mama yake anakuwa amekwisha kujua mahali bandama ilipo kabla vidole vya mtoto havijavimba kwa mara ya kwanza.