Namba 18 kwenye gemu haihusu ugumu

Wazazi wengi huona 18 kwenye kava la gemu wakadhani ni ugumu wa kucheza. Hapana, ni umri. Mfumo wa PEGI, ulioanza Ulaya mwaka 2003, una namba tano: 3, 7, 12, 16 na 18. FIFA 23 ilipewa 3, ingawa mtoto wa miaka mitatu hata pasi hapigi. GTA V ina 18, kwa sababu ya mauaji, mateso na matusi. Geuza kava uone sababu: ngumi ni ukatili, sindano ni dawa za kulevya.

Shida ni vibanda vya gemu mtaani. Kava halionekani, mtoto analipa, anacheza. Nyumbani kuna nafuu: PlayStation humruhusu mzazi kuweka kikomo cha umri, na gemu iliyozidi hapo haifunguki.