Shati Jeupe Likishika Rangi ya Kanga

Kanga mpya ikichuja kwenye beseni, shati la shule la mtoto hutoka na mabaka mekundu, na wengi hukimbilia kulianika. Hapo ndipo kosa lilipo. Rangi iliyohama kupitia maji bado haijashika uzi sawasawa. Ikikaukia humo, na hasa ikipigwa pasi, kuitoa huwa kazi kubwa. Basi lisikauke: liloweke upya kwa sabuni ya unga, ukibadilisha maji mpaka yabaki meupe. Wapo watakaosema Jik, dawa ya kupausha nguo, humaliza yote. Kweli, pamba nyeupe huistahimili ikizimuliwa kwa maji, lakini sufu na nailoni huharibika, na nembo ya shule hupauka. Usiichanganye kamwe na siki: hutoa gesi ya klorini, nayo ni sumu.