Namba 300,000,000,000: Sifa Zake za Kihisabati na Tatizo la Kuitaja Mjini Goma

Makala haya yanachunguza namba moja kubwa iliyotokana na historia ya fedha nchini Kongo. Mwaka 1993, zaire za zamani 3,000,000 zilibadilishwa kwa zaire mpya 1. Mwaka 1998, zaire mpya 100,000 zilibadilishwa kwa faranga 1 ya Kongo. Kwa kuzidisha viwango hivyo viwili, faranga hiyo moja ilishika nafasi ya zaire za zamani 300,000,000,000.

Kihisabati, namba hii ni nzima na ni shufwa. Ikichanganuliwa kwa namba tasa hupatikana 2¹¹ × 3 × 5¹¹, na mchanganuo huo ndio unaofichua sifa zake nyingine. Idadi ya vigawo vyake hupatikana kwa kuongeza 1 katika kila kipeo na kuzidisha: 12 × 2 × 12, yaani vigawo 288. Namba hii si mraba, kwa kuwa vipeo vya mraba huwa shufwa vyote, ilhali 11, 1 na 11 ni witiri. Aidha, vigawo vyake, bila kuihesabu yenyewe, vikijumlishwa huizidi. Uthibitisho ni mwepesi: namba hii hugawanyika kwa 6, na nusu, theluthi na sudusi yake kwa pamoja hutimiza namba nzima, kigawo 1 kikiongezwa, ziada imekwisha patikana. Hivyo basi, imo katika kundi la namba zenye ziada, tofauti na 6, ambayo vigawo vyake 1, 2 na 3 hujumlika kuwa 6 barabara.

Sifa hizo hazibadiliki kwa lugha. Jina ndilo libadilikalo. Katika Kiswahili cha Tanzania na Kenya, namba hii ni bilioni mia tatu, kwani bilioni ni milioni elfu moja. Mjini Goma, msomi aliyefundishwa kwa Kifaransa huita kiasi hicho milliard, na kwake billion ni milioni mara milioni. Akilinganisha maneno kwa kufanana sauti tu, hukosea mara elfu moja. Koma nayo huongeza utata: Kifaransa huitumia kutenga desimali, hivyo 300,000 yaweza kusomwa kuwa mia tatu tu.

Neno laki, lililofika pwani kutoka Bara Hindi, halina mfano wake wa kuchanganya katika Kifaransa: namba hii ni laki milioni tatu. Hata hivyo, kwa mikataba, bajeti na vitabu vya shule, njia ya hakika ni kuandika 3 × 10¹¹ kando ya jina, au kufafanua bilioni kuwa milioni elfu moja inapotajwa mara ya kwanza. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Maadamu lugha hizo mbili zinakutana katika ukurasa mmoja, mfasiri wa Goma hana budi kuhesabu sifuri kabla ya kufasiri jina.